Alama ya Ukweli

Mwalimu Mkuu wetu, Clementi Wambura, alifundisha Somo la Tabia kila Ijumaa saa nne asubuhi, na mpaka leo nikisikia neno tabia natafuta pa kutemea mate. Somo hilo halikuwemo kwenye ratiba ya Wizara. Alilibuni mwenyewe, na ili alipatie nafasi alikata kipindi cha hesabu. Alisimama mbele ya darasa la saba, tumbo limetangulia, akawauliza watoto ambao nusu yao walikuja shule bila kula, "Ubepari ni nini?" Wakajibu kwa pamoja, "Ubepari ni unyama!" Kisha wakakariri ahadi ya kusema kweli daima. Kisha akawatoa nje wakamlimie shamba.

Shamba lake, sio la shule. La shule lilikuwepo pia, ekari mbili za pamba nyuma ya vyoo, maana ilikuwa enzi ya Elimu ya Kujitegemea. Lakini la Mwalimu Mkuu lilikuwa ekari nne, limepakana na lile la shule, na mpaka kati yake na mali ya umma ulikuwa mstari wa mkonge ambao kila mwaka ulisogea kidogo upande wa umma. Alizaliwa kijiji cha jirani na Butiama, kwao Rais, na hakukubali mtu alisahau hilo. Ukimsikiliza ungedhani Ujamaa unaambukizwa kwa ujirani, kama upele.

Nasimulia ya mwaka 1975. Mwaka mmoja nyuma yake wakubwa walikaa Musoma wakapitisha Azimio, kwamba mtihani peke yake hautoshi kumpima mtu, itazamwe pia tabia yake na kazi yake. Wazo zuri. Miaka ile hatukupungukiwa mawazo mazuri, tulipungukiwa watu wa kuyastahili. Lilipofika kwetu, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Bunda, wazo lilikuwa limeshakuwa fomu yenye visanduku vinne: Utii, Bidii, Ushirikiano, Ukweli. Mwalimu wa darasa ajaze alama kuanzia A mpaka E, Mwalimu Mkuu asaini, fomu ifuatane na mtoto. Mwenye E hata kwenye kisanduku kimoja, ajibu mtihani namna gani, sekondari angeisikia redioni.

Mwalimu wa darasa la saba nilikuwa mimi, Selestina, mtoto wa Nyegina, niliyelelewa na masista mpaka kidato cha nne. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilimdharau kila mtu. Nilimdharau Wambura kwa unafiki wake, walimu wenzangu kwa kumchekea, wazazi kwa kumpelekea kuku. Darasani sikukariri ahadi za mtu. Niliwaambia wanafunzi wangu, kwa sauti yangu nzuri ya kimisheni, kwamba anayeona uovu akanyamaza ameutenda, na kwamba ukweli husemwa pale unapouma, sio pale unapopigiwa makofi. Nilipenda sana kujisikia nikisema hivyo.

Katika darasa lile alikuwepo Mbuke, binti wa Jilala. Alikuwa wa kwanza tangu la tano. Mrefu, mkimya, vidole vimechanwachanwa na vikonyo vya pamba. Wasichana waliopata sekondari katika kata yetu walihesabika kwenye mkono mmoja, tena mkono wa mtu aliyekatwa vidole, na kama kulikuwa na mmoja wa kwenda mwaka ule, ni yeye. Asipokwenda, mambo yalikuwa tayari: mzee mmoja wa upande wa Serengeti alishatuma posa, ng'ombe wameshatajwa, na Jilala alikuwa amemjibu asubiri majibu ya mtihani. Basi ilikuwa hivyo tu, sekondari au mzee.

Huyo Jilala alikuwa Msukuma, mkulima hodari. Operesheni ya kuhamia vijijini ilimng'oa kwake, ikampanga kwenye mstari wa nyumba pamoja na watu asiowajua, naye akaendelea kulima shamba lake lile lile, ila sasa akitembea saa nzima kulifikia. Hakulalamika. Hakusoma hata darasa moja. Ila alikuwa na fundo lake.

Hapo ni lazima nieleze. Pamba ina madaraja mawili, safi na fifi. Safi ni ile nyeupe, fifi ni ya njano, iliyonyeshewa au kuliwa na wadudu. Kila mkulima wa Bunda alijua kwamba mkono wa mkaguzi unaingia kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, hauendi zaidi, na kwa hiyo walio wengi, Wakristo wa kila Jumapili wakiwemo, walijaza fifi katikati na kuizungushia safi. Bernado, mkaguzi wa chama cha ushirika, alikuwa na mikono mirefu kupita kawaida, na watu walimchukia kwa hiyo mikono. Ila gunia la Jilala lilikuwa safi mpaka chini, mwaka hadi mwaka. Alilifunga kwa fundo la kufungia ndama, fundo la kwao, ambalo alimfundisha binti yake tu. Bernado akiliona fundo lile alikuwa akigusa gunia juu juu, kwa heshima, na kusema, "Pandisha." Hakuna somo lililomfundisha Jilala hilo. Alitaka tu kesho akirudi kwenye mizani aaminiwe.

Sasa mwaka ule wilaya ikatangaza ngao. Shule itakayoleta pamba safi kuliko zote itakabidhiwa ngao pale pale kwenye mizani, mbele ya wageni kutoka Musoma, na ikasemekana mwalimu mkuu wake atapandishwa kuwa Mratibu wa elimu wa kata. Wambura akaanza kutembea kama Mratibu. Watoto wakachuma, wakachambua punje kwa punje, pamba ya shule ikawa nyeupe hata mimi nikanyamazisha ulimi wangu. Lakini pamba yake mwenyewe ilikuwa imechelewa shambani, ikanyeshewa, ikawa njano. Mtu mwenye akili angechagua ngao au tumbo. Wambura alitaka vyote viwili.

Ijumaa, kabla ya siku ya mizani, saa nne, wakati wa Somo la Tabia, aliwatoa darasa la saba mpaka stoo. Dirisha la ofisi ya walimu linatazama stoo. Nilikuwa nimekaa pale na rundo la madaftari. Nikaona magunia ya shule yakifunguliwa. Nikaona pamba safi ya katikati ikitolewa na kuingizwa kwenye magunia yaliyoandikwa C.W. kwa mkaa, na fifi ya C.W. ikirudi kuziba shimo. Nilimsikia akiwaeleza. Alisema, "Shule ni ya umma. Mimi nani? Si umma? Hii inaitwa kubadilishana kijamaa." Watoto wakacheka kwa adabu. Mwisho akamwambia Mbuke afunge magunia, kwa sababu mafundo ya wenzake yalikuwa yakifunguka njiani. Mbuke akafunga kwa fundo alilolijua.

Nikarudi kusahihisha. Nilijiambia kwamba namkusanyia ushahidi.

Jumanne tukawa kwenye mizani. Wageni watatu walikuwa wamekalishwa kivulini kwenye viti vya shule, mabega yao yamenyooshwa na pasi. Kwaya iliimba, Wambura alihutubia, na alipofika kwenye neno uaminifu akaliegemea kama mtu anayeegemea ukuta wa nyumba yake. Wakulima walikuwa kwenye foleni na magunia yao, Jilala akiwa wa nne. Kisha Bernado akafungua gunia la kwanza la shule, akazamisha mkono, akautoa.

Kiganja kilitoka na fifi. Akazamisha tena upande wa pili. Fifi.

Akalitazama fundo alilolifungua, halafu akageuka kwenye foleni. Hakupaza sauti. Alionekana kama mtu aliyefiwa. "Jilala," akasema, "hili si fundo lako? Mwaka huu umekuwaje, mzee mwenzangu?"

Watu wakacheka. Hakuna kinachomfurahisha mwizi mdogo kama kusikia mwaminifu naye kaiba. Wambura, ambaye sekunde mbili kabla alikuwa amegeuka rangi ya majivu, akaona mlango, akapita.

"Ndugu wageni, mmejionea!" akapiga kelele. "Kupe! Mnyonyaji! Huyu mtu ameingiza gunia lake chafu kwenye mali ya watoto wetu, achukue la kwao lililo safi! Ndiyo maana tunafundisha tabia!"

Kanuni ya mizani ilijulikana. Mwenye gunia la hila anaandikwa jina kwenye ubao wa chama, na pamba yake haipokelewi pale msimu mzima. Jilala alisogea hatua moja mbele, akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha kuulizia njia, sio cha kujitetea mbele ya mashati yaliyopigwa pasi.

Mbuke akatoka kwenye mstari wa kwaya.

"Shikamooni," aliwasalimia wageni kwanza, kwa kupiga goti. "Fundo nimefunga mimi. Gunia hilo ni la shule. Baba yake ni kweli ananifundishaga kufunga..." Akakosea maneno, akajirudi. "Baba yangu. Baba yangu ndiye alinifundisha fundo. Lakini pamba ametubadilishia Mwalimu Mkuu siku ya Ijumaa. Safi iko kwenye magunia yake. Darasa zima tulikuwepo."

Darasa zima likatazama miguu yake.

Mgeni mkubwa, mwenye miwani, hakupendezwa. Alikuja kutoa ngao na kunywa soda. Akasema, "Mtoto anaweza kukosea. Mwalimu wa darasa yupo?"

Wambura akanitafuta kwa macho, akatabasamu. Nalijua lile tabasamu. Kwenye droo yake kulikuwa na fomu nyingine ya tabia, yangu mimi, ya kuombea nafasi ya kusomea diploma, na bado hakuwa ameisaini. "Mwalimu Selestina," akasema kwa upole, "Ijumaa saa nne uliona jambo kama hilo?"

"Nilikuwa ofisini," nikasema, "nasahihisha madaftari."

"Kwa hiyo hukuona."

"Nilikuwa nasahihisha."

Nilijivunia jibu lile kwa muda wa kama dakika tano. Sikudanganya, niliwaza. Kila neno ni kweli. Masista wangenipa vema. Na Mbuke alinitazama, si kwa hasira, alinitazama vile mtu anavyotazama daraja alilozoea kulipita akakuta limechukuliwa na maji.

Ngao ilikwenda shule nyingine. Wageni walikunywa soda wakasema suala hilo limalizwe ndani ya shule, maana viongozi wetu walikuwa na ndani nyingi za kumalizia mambo. Magunia ya shule yakawekwa pembeni. Jina la Jilala halikuandikwa ubaoni, Bernado alikataa. Lakini ilipofika zamu ya Jilala, Bernado alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, kwenye magunia yote manane, moja baada ya jingine, na Jilala alisimama pembeni amevua kofia, akiangalia mkono ule ukiingia na kutoka. Yote yalikuwa safi.

Kesho yake Wambura akaniita. Hakuwa na haya. Kuwa na haya kunahitaji malezi. "Yule mtoto wa Jilala," akasema, "mjazie E kwenye Utii na E kwenye Ukweli. Amesema uongo hadharani, na nidhamu hana."

"Tarehe ya kujaza bado," nikasema.

"Basi jaza tarehe ikifika. Mimi nimeshasaini zote." Akanisukumia rundo. Alikuwa amesaini fomu arobaini tupu, kwa kuwa kusoma kulimchosha. Nikaiweka ya Mbuke ndani ya mkoba wangu, ikiwa haijajazwa, na kila nilipoigusa nilijiona shujaa. Sijaandika E, nilijiambia. Sikuandika A pia. Nilikuwa fundi wa kuupa woga wangu majina mazuri.

Jumapili Jilala akaja nyumbani kwangu, habari za E zimeshamfikia. Alikataa kiti, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Mwalimu, mimi sijasoma," alianza. "Naomba unieleweshe. Mtoto wangu amefanya kosa gani?"

"Hajafanya kosa, Mzee Jilala. Amesema kweli."

"Sasa hiyo E ya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri sana, mfumo mzima, unyonyaji wa viongozi wadogo, jinsi Azimio lenyewe lilivyo jema na watekelezaji walivyo wabovu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Wewe uliona?"

"Niliona."

"Ukasema unasahihisha."

Nikaanza kukunja upindo wa khanga yangu.

"Mimi nilikuwaga najua shule inafundisha mtoto kusema," akasema polepole. "Kumbe inafundisha na kunyamaza, hiyo ndiyo ya wakubwa. Yangu nyumbani ni moja tu. Gunia ulilofunga, ukiulizwa, useme ni lako. Basi. Sijui nyingine." Akanyanyuka, akapangusa suruali. "Ana mbuzi wangapi yule Mwalimu Mkuu?"

"Usimpelekee mbuzi, mzee. Ukimpelekea umekubali."

"Mtoto ataolewa na mzee mwenye meno mawili, Mwalimu. Wewe una kingine cha kupeleka?"

Nilikuwa na hotuba. Alinisubiri kidogo, kwa adabu, halafu akaenda zake. Nilimdharau jioni nzima. Nilisema moyoni, hawa ndio wazazi wetu, hawa ndio wanaotuozeshea nchi. Mtu aliyefunga magunia safi miaka ishirini anaenda kununua alama kwa mbuzi! Nilikula ugali wangu na dagaa nikalala usingizi mzito.

Mbuzi alipokelewa. Nilimwona amefungwa nyuma ya nyumba ya Wambura kwa fundo la ndama. Lakini mwizi aliyeaibishwa hashibi kwa nyama peke yake, akaongeza sharti. Jumatatu ya wiki iliyofuata, mstarini, mbele ya shule nzima na kamati ya wazazi, Mbuke ajikosoe. Aseme kwamba alisema uongo. Na ataje aliyemtuma, kwa kuwa, alisema Wambura, mtoto wa darasa la saba hawezi kuwa na maneno kama yale kichwani peke yake, kuna mkono wa mtu.

Nikamwita Mbuke pembeni kabla ya kengele. Nikamwambia, "Usikubali. Wewe ni mkweli. Ukweli husemwa pale unapouma."

"Ndiyo, Mwalimu," akajibu, akakunja mikono nyuma, kama alivyofanya siku zote nilipokuwa nafundisha.

Shule ikasimama mistari saba. Wazazi wa kamati walikaa kwenye benchi, Jilala amesimama nyuma yao, kofia mkononi. Wambura akamwita Mbuke mbele. Alikuwa amevaa ile suti yake ya sherehe, ya kola fupi, na alizungumza robo saa juu ya kujikosoa kama dawa ya jamii. Kisha akasema, "Haya, binti. Waambie."

"Nilisema maneno mabaya juu ya Mwalimu Mkuu kwenye mizani," akasema Mbuke. Sauti ilikuwa tambarare. "Naomba radhi."

"Maneno hayo yalikuwa nini?"

 Mbuke akageuka kumtafuta baba yake. Jilala hakumtazama binti yake, alitazama bendera.

"Yalikuwa uongo."

"Sema tena, na wa nyuma wasikie."

"Yalikuwa uongo!"

Wambura akavuta pumzi kama mtu anayenusa nyama. "Na nani alikufundisha kusema maneno yale? Usiogope. Hapa tunajenga."

Wala Mbuke hakusita. Aligeuka, akanitazama usoni, akanyoosha mkono wote, sio kidole, kama tulivyowafundisha kuonyesha mtu mzima kwa heshima.

"Mwalimu Selestina," akasema.

Watoto mia tatu wakageuka.  Nikataka kusema kitu, na nikagundua kwamba midomo yangu, ile hodari ya kudharau, haikuwa na neno hata moja ndani yake. Wambura alinipa nafasi. Aliuliza, kwa sauti ya asali, "Mwalimu, una la kujibu, au ulikuwa unasahihisha?" Kamati ikacheka. Walimu wenzangu niliowadharau wakacheka. Jilala tu ndiye hakucheka.

Barua ya uhamisho ilifika kwa kasi ambayo sijawahi kuiona tena serikalini. Shule ya mwambao, huko Majita, darasa la kwanza. Fomu yangu ya diploma ilirudi na E nne zilizojazwa kwa mkono wa Wambura mwenyewe, ndiyo mara pekee niliyomjua kujaza fomu. Na juu ya meza yangu aliacha karatasi ndogo: Kabla hujaondoka jaza ya mtoto wa Jilala, A zote. Mali imeshapokelewa.

Nilikaa na ile fomu siku tatu. Nitasema kama ilivyokuwa: nilitaka kumwandikia E. Saini ilikuwepo tayari. Posta ya Musoma ilikuwa njiani kwangu, ningeitia ndani ya bahasha, nikaifunga, na hakuna ambaye angejua mpaka majibu yatoke. Na ningekuwa na haki, niliwaza. Amekana ukweli mbele ya shule nzima, amemuuza mwalimu wake kwa nafasi ya sekondari, na kama hiyo si biashara sijui biashara ni nini. Kisanduku cha nne kimeandikwa Ukweli, basi ukweli ndio huo. Nilifurahia kuwaza hivyo. Kwa siku tatu nilikuwa na maisha ya mtoto ndani ya mkoba wa mkononi, na ilinipendeza, na nikaanza kumwelewa Wambura kuliko nilivyotaka.

Siku ya kuondoka, hakuna aliyekuja kunisindikiza isipokuwa Mbuke. Alifika asubuhi, akapiga hodi, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Baba amesema nije nikubebee sanduku mpaka barabarani."

Tukaenda, sanduku kichwani kwake, godoro kwangu. Tulitembea mpaka barabara ya Bunda na Musoma, pale basi linaposimama. Tukatua mizigo. Nikashindwa kujizuia.

"Kwa nini mimi, Mbuke?"

"Mwalimu Mkuu alitaka jina."

"Na wewe ukampa langu. Nilikukosea nini? Mimi ndiye niliyekuwa upande wako."

Alifikiri. Alikuwa na tabia ya kufikiri kabla ya kujibu, ambayo darasani nilikuwa nikiisifu.

"Pale mstarini nilidanganya mara moja," akasema. "Niliposema yalikuwa uongo. Ile ilikuwa ya baba, na mbuzi. Lakini la pili sikudanganya. Aliuliza nani alinifundisha kusema yale. Si ni wewe? Ulikuwaga unatuambia kila siku, ukiona uovu usinyamaze. Mimi nilifikiri ni kweli, ndiyo maana nikatoka kwenye mstari. Nilijua wewe umetuona. Nilikuona dirishani, Mwalimu. Nilijua nikianza tu kusema, utamalizia."

Vumbi la basi lilikuwa limeanza kuonekana upande wa Bunda.

"Nilikuwa na sababu," nikasema. "Fomu yangu alikuwa nayo yeye."

"Ndiyo, Mwalimu. Na yangu unayo wewe."

Hakuwa ananiomba wala kunitisha. Alinikumbusha tu, kama unavyomkumbusha mtu kwamba amekanyaga moto. Nilifungua mkoba, nikatoa fomu na kalamu, nikaiweka juu ya sanduku. Utii, A. Bidii, A. Ushirikiano, A. Nilipofika kwenye kisanduku cha nne nilimtazama, yeye akatazama pembeni ili nisione aibu, na adabu ile ndiyo iliyonivunja. Nilianza kulia, mtu mzima, barabarani, na godoro miguuni. Nikaandika A. Nikaandika jina langu chini yake kwa herufi kubwa.

Nilitaka aiangalie na kuniambia kitu. Mbuke aliichukua, akaisoma mpaka mwisho, akahakiki na saini, akaikunja mara mbili na kuiweka kifuani.

Basi likasimama. Alinipandishia sanduku, kisha godoro, akahakikisha kondakta amelifunga vizuri juu ya keria. Nikainama dirishani nikamwambia, "Ukifika huko sekondari, niandikie barua."

"Nitaandika nini, Mwalimu?" akauliza.

Basi likaondoka.